Tarehe kwa Penseli

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, sogea kwanza. Yule aliyekuwa mbele yako ameshaitwa, na wa nyuma yako anakutazama vibaya. Pale nilipotibiwa mimi, hapa Durban, hupewi namba. Unakaa mwisho wa benchi, na kila anapoitwa mtu, nyote mnainuka na kusogea nafasi moja. Mimi nilisogea hivyo majira yote ya machipuko, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia lililochezwa huku. Ninaandika sasa kwa sababu niko hai, nimenenepa, na kuna mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema.

Jina langu ni Anicet, lakini pale Warwick, sokoni karibu na stendi ya taxi, ndizo daladala za huku, wananiita Meteo, yaani mtu wa hali ya hewa. Nimetoka Bujumbura, na biashara yangu ni miavuli na kofia za jua. Zamani sikuviuza kwa pamoja. Meza yangu ni fupi, nami ni mtu wa maringo kidogo. Meza iliyojaa kitu kimoja inapendeza. Meza ya nusu hiki nusu kile niliiona kama ya mtu aliyehama kwa haraka. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla msukuma toroli hajanitolea mzigo stoo, nilisimama nje, nikanusa upepo, nikatazama upande wa bahari, nikaamua. Leo miavuli! Au: leo kofia! Na mara nyingi nilipatia. Wauza mboga waliniuliza kama wafunike bidhaa zao au waache wazi, nami niliwajibu kwa sauti ya mtu wa redio.

Mwaka ule, mwezi wa Julai, kola ya shati langu la kanisani ilikataa kufungika. Mke wangu, Mama Divine, akasema nimenenepa shingo. Mimi nikasema ni jino. Kwa wiki nne nilisukutua maji ya chumvi, nikitibu jino ambalo halikuwa na kosa lolote.

Daktari aliyenipa habari alikuwa kijana mwenye heshima. Alisema ni saratani ya tezi, kwamba inatibika, na kwamba nitawekewa dripu mara sita, kila baada ya wiki tatu. Alisema na mengine, lakini mimi nilikuwa natazama kiatu chake. Kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa imefunguka, na nilitaka sana kumwambia aifunge asije akaanguka. Kama na wewe ulitazama kiatu siku yako, usijilaumu. Rudi na mtu mwingine wa kusikiliza.

Nilichoshika ni hesabu. Dripu sita, wiki tatu tatu, kuanzia Agosti: mwanzoni mwa Desemba nitakuwa nimemaliza. Nilitoka pale nimefarijika kabisa. Mtu wa utabiri alikuwa amepewa utabiri.

Wiki hiyohiyo wageni walikuja nyumbani. Binti yetu Divine alikuwa anamalizia masomo chuoni kule Westville, na kijana aitwaye Fiston, Mkongomani wa Uvira anayeshughulikia karatasi za malori Clairwood, alikuwa anataka kumwoa. Fiston hana baba, kwa hiyo msemaji wake alikuwa baba yake mdogo, Papa Bisimwa, mtu mnene mwenye koti la vifungo sita. Walikunywa soda, wakasifu nyumba, kisha Papa Bisimwa akafika pale alipokuwa anaelekea.

"Papa Divine, tumeona nyumba, tumeona mutoto, tumefurahi. Sasa utupatie siku, tulete dot."

Kwetu ndivyo ilivyo, na kwao vilevile: siku ya kuleta mahari hutoka kwa baba wa binti. Hakuna mwingine wa kuitoa. Siku hiyo baba hasemi neno, wasemaji ndio wanaopigana vijembe, lakini kiti chake kiko katikati na macho yote yako kwake. Nilikuwa nimekingojea kiti kile tangu Divine alipokuwa anatambaa.

"Siku itakuja," nilimjibu. "Nina ugonjwa kidogo. Nangojea kwanza daktari anipe tarehe ya kumaliza."

"Haiko shida, Papa," akasema Fiston haraka. "Tutangojea."

Dripu ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilikaa kwenye kiti cha kuegemea kutwa nzima, na Mama Divine alikuwa amenifungashia chakula cha watu watatu. Jioni, sista wa kitengo chetu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaniandikia siku ya kurudi kwenye kadi. Aliandika kwa penseli.

"Sista, kalamu zenu zimeisha wino?" nilimtania.

"Zipo nyingi, baba," alisema. "Lakini tarehe si yangu. Ni ya damu yako."

Sikumwelewa hadi niliporudi. Siku ya dripu wanakutoa damu kwanza, unakaa kwenye benchi, unasogea, na baada ya saa mbili wanakuambia kama leo inawezekana. Siku hiyo yangu ilikataa. Chembe nyeupe zilikuwa chini. Sista akachukua kifutio, akafuta tarehe ya mbele, akapuliza kadi, akaandika nyingine. Mimi nilisimama pale na mkoba wa chakula cha mchana, saa nne asubuhi, sina mahali pa kukilia.

Ikawa hivyo. Dripu ya pili ilichelewa wiki moja. Ya tatu ilikataliwa pia. Kadi yangu ilichakaa mahali pamoja kwa kufutwa. Na hali ya hewa, kana kwamba inanicheka, ikaanza mambo yake. Machipuko ya Durban hayana adabu. Asubuhi unapigwa na upepo wa moto kutoka milimani, unavua koti, unavua sweta, unatafuta kivuli. Saa sita upepo unageuka kusini, na kabla hujafika kwenye robot inayofuata, ndizo taa za barabarani, unatetemeka ndani ya mvua. Miaka yote nilijidai kuyaweza majira haya. Sasa niliyatazama kupitia dirisha la chumba chetu, nikakosea kila siku.

Niseme kidogo kuhusu mwili, maana hilo ndilo watu huniuliza kwa sauti ya chini. Nywele zangu ziliondoka ndani ya siku mbili, na nyusi zikafuata. Kwa kichwa nilikuwa na bahati: mtu anayeuza kofia hakosi la kuvaa, nikajaribu stoo nzima na kujikuta napendeza kwa ile ya majani yenye utepe wa kijani, ambayo kwa miaka mitatu hakuna mteja aliyeitaka. Kwa nyusi sikuwa na dawa. Divine alinichorea siku moja kwa wanja, nikaonekana nimeshangaa, tukacheka mpaka nikatapika. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Mara mbili niliacha kandambili njiani na kuendelea kutembea bila habari, nikirudishiwa na watoto wa jirani. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Kitu pekee kilichopita kooni ni nanasi la barabarani lenye masala, lile linalowasha ulimi. Daktari aliruhusu, mradi limenywe nyumbani na kuoshwa vizuri. Mama Divine aliniletea kila jioni kutoka sokoni, akalimenya yeye mwenyewe, na sitamlipa kwa hilo hata nikiishi miaka mia.

Maana sasa yeye ndiye aliyekuwa mezani. Aliacha kazi yake ya kufua katika nyumba za watu, akachukua nafasi yangu Warwick. Jioni ya kwanza nilimuuliza kwa sauti ya mwalimu:

"Leo ulitoa nini? Kofia?"

"Kofia na miavuli."

"Vyote?"

"Vyote. Nusu nusu."

"Mama Divine, unaniharibia jina! Meza ya nusu nusu! Watu watasema Meteo amekufa."

"Eish, Papa Divine," alisema akivua viatu. "Asubuhi jua, saa sita mvua, saa nane jua. Ungefanya nini na hilo jina lako?"

Niligeukia ukutani. Nilikuwa mgonjwa mbaya, niseme ukweli. Yeye anarudi amechoka, mimi namkagua. Anapika, mimi nasema msumari. Usiku mmoja alikwenda kukaa jikoni peke yake muda mrefu, nami nikajua analia, na sikuinuka. Hilo bado linaniuma kuliko sindano zote.

Kuhusu mahari, nilikuwa nimenyamaza. Kila Fiston alipokuja na mfuko wake wa machungwa, nilizungumza habari za mpira. Divine hakuuliza. Alianza kubaki chuoni hadi jioni, akisema maktaba ina utulivu. Nami kila wiki nilikwenda kwa sista na ombi lilelile: nipe tarehe moja tu ya uhakika, ya kalamu, ya kumaliza. Na kila wiki aliitafuta penseli yake.

Ndipo Papa Bisimwa akapiga simu.

"Papa Divine, mimi sipendi kusumbua mugonjwa. Lakini kwetu baba akinyamaza juu ya siku, njo amekataa. Familia inaniuliza. Niwaambie nini? Tuelewe kama umekataa?"

Nilimwambia nitampigia. Nilipokata simu, Divine alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema, "unangoja tarehe ambayo haipo. Hospitali haina. Hakuna mtu anayo."

"Nataka siku nzuri, mwanangu. Siku ambayo nimepona."

"Mimi sitaki siku nzuri. Nataka siku ambayo upo."

Nilimkaripia. Nilisema mambo ya heshima na watoto wa siku hizi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Niliogopa. Niliogopa kutaja siku kwa mdomo wangu halafu ifike bila mimi, watu wavae, wapike, na kile kiti kikae kitupu katikati ya ukumbi. Niliona afadhali kutotaja kabisa. Ndiyo maana nilitaka kalamu.

Alhamisi iliyofuata damu yangu ilikataa tena. Ilikuwa saa nne, chakula cha mchana mkononi, sina hamu ya kurudi nyumbani kutazama ukuta. Nikapanda taxi hadi Warwick. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mama Divine kazini.

Upepo wa moto ulikuwa unapuliza. Meza yangu ilikuwa imepangwa kofia tupu, si nusu nusu tena, na mke wangu amejivika moja kichwani, nyingine juu yake, akiita wateja kwa Kizulu ambacho mimi sikujua kama anakijua. Aliponiona alisogeza kreti, nikakaa, akanipa nanasi.

Saa tano na nusu nikanusa. "Hakuna mvua leo," nikasema. "Huu ni upepo mkavu."

"Haya," akasema.

Nadhani haikupita robo saa. Upepo ukageuka, magazeti yakaruka, mbingu ikawa ya kijivu kutoka bandarini. Mama Divine akavuta pembe za kitambaa cha meza, kofia zote zikaingia chini kwa mpigo mmoja, na kutoka chini ya meza akainua kitambaa cha pili kikiwa na miavuli imeshapangwa. Alikuwa ameshona vitambaa viwili. Mvua ikashuka. Watu wakatukimbilia. Dakika ishirini baadaye jua likatoka kana kwamba halikuwahi kuondoka, akavuta tena, kofia zikarudi juu. Mama mmoja aliyenunua mwavuli kwetu wakati wa mvua alipita akirudi, akacheka, akanunua na kofia.

"Ulijuaje?" nilimuuliza.

"Sikujua."

"Lakini ulikuwa tayari."

"Papa Divine, mimi sijui kama itanyesha. Hata sasa sijui. Nimebeba vyote."

Nilikaa nikitafuna nanasi. Kisha nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza katika miaka yote ya ndoa: mimi, nikitabiri, nilikuwa napatia mara ngapi? Mama Divine alianza kujibu, akaangalia kichwa changu kisicho na nywele, akashindwa. Alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kreti pamoja nami. Muuza tangawizi wa meza ya pili akauliza iko nini, naye alipoambiwa akacheka zaidi. Kumbe nilikuwa nakosea nusu ya siku zote. Walikuwa wananiuliza kwa sababu walipenda ile sauti ya redio.

Nilicheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nyusi.

Jioni ileile nilimpigia Papa Bisimwa.

"Siku ni Jumamosi ya pili ya Novemba," nilisema. "Nikiwa na nguvu, nitakaa kwenye kiti changu. Nikiwa hospitali, mdogo wangu Déo atakaa, na kitu kisisimame."

"Papa, hiyo njo siku moja ao njo mbili?"

"Moja. Lakini ina kofia na mwavuli."

Sidhani kama alielewa, lakini alifurahi sana. Desturi inataka siku iandikwe, kwa hiyo nikaiandika kwenye karatasi, kwa penseli, na Fiston akaipeleka. Divine alinitazama nikiandika. Alikuja nyuma ya kiti changu, akaweka kidevu chake juu ya upara wangu, akabaki hapo.

Kabla sijafika Jumamosi hiyo, nikuambie mwisho wa matibabu ili usiwe na wasiwasi. Dripu ya sita sikuipata Desemba bali Januari, kwenye joto la kuyeyusha lami. Uvimbe wa shingo uliondoka. Nywele zilirudi zimejikunja kuliko zamani. Sasa naenda kupimwa kila baada ya miezi sita, na sista bado anaandika kwa penseli. Hakuna aliyewahi kuniambia "umepona" kwa lile tamko nililolingoja. Daktari husema "safari hii ni safi." Nimejifunza kuitikia "sharp", yaani sawa kabisa, na kwenda kunywa chai. Usiku wa kuamkia kipimo bado silali. Nakuambia ili usidhani wewe tu ndiye mwoga.

Haya, Jumamosi. Alhamisi ya wiki ile nilitakiwa kupata dripu ya nne, na kwa desturi yangu dripu ilinilaza siku tano. Nilikwenda nimeshakubali kwamba Déo ndiye atakayekaa. Damu ikakataa. Sista alinionea huruma akichukua kifutio, nami nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Kile kitu nilichokichukia majira yote kilikuwa kimenipa Jumamosi yangu nikiwa nimesimama kwa miguu miwili, ingawa vidole sivihisi.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Asubuhi ilikuwa ya moto, wanawake wakijipepea. Walipoingia wakwe, mvua ikapiga bati hadi wasemaji wakalazimika kupayuka. Mama Divine alikuwa ameleta makasha mawili kutoka stoo, la kofia na la miavuli, na wageni waliingia wamevaa kofia na kutoka kwenda vyooni wamebeba miavuli. Déo alikuja na suti mpya. Alipoambiwa mimi ndiye nitakayekaa, alifurahi kwa kaka yake na kusikitika kwa suti, maana alikuwa amefanya mazoezi ya uso wa kukaa.

Nilikaa katikati, na kofia yangu ya majani yenye utepe wa kijani. Msemaji wetu akawaambia wageni hapa hakuna msichana, wamekosea nyumba, hapa panauzwa miavuli tu. Papa Bisimwa akajibu kwamba wamelowa sana, na kwamba kuna mwavuli mmoja waliouona ambao hawataondoka bila huo. Divine akatolewa chini ya vigelegele, akapita mbele ya watu wote, akaja kunisalimia mimi kwanza. Alipoinama aliishika mikono yangu. Nililia mbele ya ukoo wa watu, na sikuona aibu.

Mahari ikapokelewa. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini Papa Bisimwa akasimama tena, akafungua vifungo vya koti, akatoa ile karatasi yangu. Aliiinua juu watu waione.

"Papa Divine alitupa hii, na siku ikafika, na yeye yuko. Sasa tunaomba siku ya harusi." Akageuza karatasi upande mweupe, akaiweka mbele yangu, na juu yake akalaza kalamu ya dhahabu iliyonunuliwa makusudi kwa shughuli hiyo. "Uandike vizuri, Papa. Na wino."

Juu ya bati mvua ilikuwa inapungua, au inaongezeka, sikuweza kusema. Niliichukua ile kalamu, nikaisifu, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Kisha nikamgeukia mke wangu. Mama Divine alikuwa ameshafungua mkoba. Ndani mlikuwa na penseli, na kifutio.